Miche kumi na miwili ya kahawa ilivyonitenganisha na wadogo zangu, milimani Uluguru

Wakuu, siku ile uani kwetu tulikuwa watu sita. Nawataja wote kwanza, ili nikikosea mahali wajukuu zao waje wanisahihishe hapa hapa.

Mimi, Deo, nilikuwa na miaka kumi na mitano.

Pius, mdogo wangu, kumi na mmoja.

Koleta, kitinda mimba wetu, saba.

Mzee Mbega, mkuu wa ukoo wa baba. Tulimwita babu.

Shangazi Emiliana, dada yake baba.

Na Mjomba Kasmiri, kaka yake mama, aliyepanda kutoka Mkuyuni bila kujua anaitiwa nini.

Baba na mama hawakuwepo. Baba alikufa mwishoni mwa miaka ya arobaini, nikaacha shule nikiwa darasa la pili. Mama tulimzika miezi kumi kabla ya siku hiyo.

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaandika, msijaze uzi. Mjukuu wangu ndiye anayepiga chapa, mimi nasema. Nimemkataza kuongeza chumvi, na kila aya ananisomea kabla hajaituma.

Kwa nini naandika hapa? Maktaba ya watoto huku kwetu walitangaza kwamba wanataka habari za kweli kutoka kwa wazee, wazichape kwenye vijitabu, watoto wasome. Nikapeleka yangu. Dada wa maktaba, binti mzuri tu mwenye adabu, akanirudishia. Akasema, "Babu, ni nzuri sana, ila mwisho uurekebishe kidogo. Watoto wapate matumaini."

Nikamuuliza, "Niurekebisheje, na ndivyo ilivyokuwa?"

Na mimi sina mwisho mwingine. Basi nimeileta kwenu watu wazima.

Nianze na ardhi, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Na shamba si la mtu, ni la ukoo, lukolo kwa lugha yetu. Sisi tulizaliwa na kukulia juu kule, milimani juu ya Bigwa, kwenye ardhi ya ukoo wa baba. Maana yake tulikuwa wageni mahali tulipozaliwa. Baba akiwa hai unalima kwa baba. Baba akifa unalima kwa hisani ya wenye ardhi.

Mama alipofariki, watu walitarajia tushuke Mkuyuni kwa Mjomba Kasmiri. Ndiyo desturi, na hakuna aliyetuonea. Lakini mama alinishika mkono siku ya mwisho akaniambia, "Wasitawanyike." Neno moja tu. Na Mjomba alikuwa na watoto sita kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Nikaenda kwa Mzee Mbega na kuku mmoja, nikapiga magoti. Nikaomba tubaki kwenye nyumba yetu, tuachiwe lile shamba la mtelemkoni, mpaka Pius amalize darasa la nne.

Mzee akamtazama yule kuku, akacheka. "Kuku mwenyewe amekonda kama wewe. Rudi naye akutagie. Limeni."

Akatuachia. Nataka mjue hilo. Huyu mzee hakuwa mtu mbaya, na kwenye habari hii yote sina mtu mbaya wa kuwaonyesha. Ningekuwa naye ningepumua.

Sasa kuna sheria moja ambayo hakuitamka, kwa sababu kila mtu kule anaijua toka tumboni. Shamba la kuazimwa unapanda mahindi, maharage, kabichi, vitu vinavyoisha kwa msimu. Mti hupandi. Mwenye kupanda mti kwenye ardhi ya wenzake ametangaza kwamba ardhi ni yake.

Nilikuwa naijua sheria hiyo. Sitasema sikujua.

Tuliishi vizuri miezi ile, kwa jinsi yatima wanavyoweza kuishi vizuri. Asubuhi Pius shuleni, mimi na Koleta shambani. Mchana Pius akirudi tunakutana wote kwenye dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia mazao, maana nyani wa kule hawana huruma.

Nyani akisikia sauti ya mtu hashuki. Kwa hiyo inabidi mtu apige kelele mchana kutwa. Pius akaona badala ya kupiga kelele bure, atasoma. Katekista wa kigango chetu alikuwa na sanduku la vijitabu vya kuwaazima watoto, habari za kweli za watu wa nchi mbalimbali. Pius alikuwa anasimama kwenye dungu anasoma kwa sauti kama padri wa kwenye mimbari, na Koleta chini anamsimamia.

"Ongeza sauti, Pius. Wale wa ng'ambo ya kijito hawajasikia."

"Wale nyani au wale watu?"

"Wote. Hata wewe mwenyewe hujasikia, umeruka mstari."

Kitabu tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha kijana mmoja wa nchi ya baridi, yatima kama sisi, aliyepanda miti ya matunda nyuma ya nyumba yao akawalea wadogo zake kwa matunda hayo mpaka wakawa watu wazima. Kweli tupu, kitabu kilisema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Koleta alimtaka Pius akirudie kitabu hicho mpaka kikaachia gundi.

Mimi nilikuwa nalima huku nasikiliza. Nikawa nafikiri: mahindi yanaisha kila mwaka, kila mwaka nitarudi kupiga magoti. Huyu kijana alipanda mara moja tu.

Kitabu hakikusema ile ardhi ilikuwa ya nani.

Enzi hizo serikali ya kikoloni ilikuwa inalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye mitelemko. Watu waliyachukia matuta yale kuliko kodi. Ilivuma kwamba ukishachimba, ardhi yako itaandikwa, kisha itachukuliwa. Mimi nilichimba sehemu yetu yote nikamaliza mapema, kwa sababu sikuwa na mtu mzima wa kunikataza.

Bwana shamba akapita kukagua. Akanikuta na jembe refu kuliko mimi. Akasema, "Wewe ndiye baba mwenye nyumba? Basi nitakupa zawadi ya wenye nyumba." Siku ya pili akaleta miche kumi na miwili ya kahawa kwenye vikapu vya makuti.

Nilikaa nayo siku tatu kivulini naimwagilia. Nilijua. Lakini nilijiambia sheria ya miti ni ya watu wazima. Nani atasema mtoto yatima ananyang'anya ardhi ya ukoo? Nikajiambia pia kwamba nitampelekea mzee habari baadaye, kahawa ikishashika.

Siku ya nne nikapanda. Mstari mmoja, kando ya kijito, nikaitilia kivuli cha majani ya mgomba. Koleta alinishikia kamba ya kunyooshea mstari.

Haikupita mwezi, Mzee Mbega akatuma watu waite kikao uani kwetu.

Alifika mapema kuliko wote. Hakukaa.

"Deo, nani alikutuma?"

"Hakuna mtu, babu."

"Hakuna mtu. Kahawa imejipanda yenyewe."

Shangazi Emiliana akaingilia. "Mzee, huyu mtoto hana hila. Ni ujinga tu."

"Ujinga wa mstari ulionyooka vile, Emiliana? Nenda ukaangalie. Imetiliwa kivuli, imewekewa mbolea ya mbuzi. Mimi na mvi zangu sijawahi kupanda kahawa vizuri hivyo. Na juu yake matuta amechimba, yote, kabla ya mtu yeyote kijiji kizima. Huyo ni mtoto? Nyuma yake kuna mtu mzima."

Akamtazama Mjomba Kasmiri.

Mjomba alikuwa bado anapangusa jasho la mlima. "Taja jina langu, mzee. Usione haya."

"Sijataja jina la mtu."

"Umenitazama."

"Macho yangu yana uhuru wa kutazama kwenye ardhi yangu."

Wakuu, hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Hawakuwa wanazungumza habari za kahawa. Ukoo wa baba ulikuwa unausema ukoo wa mama mwizi, na ushahidi wake nilikuwa nimeupanda mimi kwa mikono yangu.

Nikasema, "Babu, nitaing'oa. Sasa hivi naenda kuing'oa."

Mzee akanigeukia, na sauti yake ikashuka. Nadhani alikuwa na huzuni. "Ukiing'oa leo, kesho watasema Mbega amewang'olea yatima kahawa yao. Ukiiacha nanyi mkibaki, wadogo zangu wataniuliza nimewauzia shamba kwa bei gani. Umenifunga pande zote mbili, mwanangu. Kahawa itabaki. Ninyi ndio mtaondoka."

Mjomba Kasmiri akasimama. "Dada yangu aliishi kwenu tangu harusi yake. Hatukuwahi kuteremka na hata kikapu kimoja cha udongo wenu. Watoto ni wetu. Nawachukua leo hii, msije mkasema tumelala hapa."

Shangazi akamsihi angoje asubuhi. Akakataa. Mtu akishaitwa mwizi hangoji asubuhi.

Wakakubaliana hivi. Pius na Koleta washuke na Mjomba siku ile ile. Mimi nibaki nivune mahindi, kwa sababu chakula kile kingehitajika Mkuyuni, kisha nifuate.

Pius alifunga vitu vyake akatulia. Alikuwa mtoto wa kutulia.

Koleta akaikumbatia nguzo ya baraza.

Hakulia. Aliishika tu. Mjomba akamwita, Shangazi akambembeleza, hakuna. Wakanitazama mimi, maana kwangu alikuwa anasikia. Nikachuchumaa nikaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja, namhesabia kama mchezo.

"Wewe unabaki?" akaniuliza.

"Navuna, kisha nakuja."

"Lini?"

"Mavuno yakiisha."

"Kweli, kaka?"

"Kweli."

Akaachia mwenyewe vidole vilivyobaki. Heri ningemvuta.

Yaliyofuata yanaeleweka haraka. Lindo la shamba lile lilikuwa la watu watatu. Mtu mmoja hawezi kulinda mtelemko mzima na pia apike, achote maji, alale. Sikuwa na sauti ya kusoma. Nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi, nyani wakazoea debe. Wiki mbili kabla ya mahindi kukauka waliingia upande wa juu na wakamaliza. Wanaonja hindi moja, wanatupa, wanachukua jingine. Nilivuna kikapu na nusu.

Ile kahawa hawakuigusa.

Sasa wakuu, hapa ndipo mahali ambapo dada wa maktaba angependa nirekebishe.

Mavuno yaliisha. Njia ya kushuka Bigwa nilikuwa naijua, ya Mkuyuni nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeahidi. Lakini nikajiona nafika kwa Mjomba, mtu aliyeitwa mwizi kwa ajili yangu, na kikapu na nusu, nimeongeza mdomo wa kumi na moja mezani. Nikaona haya. Nikasema ngoja nikatafute kwanza kitu cha kwenda nacho.

Nikashuka tambarare, nikaandikishwa kwenye shamba la mkonge. Kule unapewa kipande, karatasi ya siku thelathini za kazi. Ukimaliza siku zako ndipo unalipwa. Nikasema kipande kimoja tu, ninunue kitambaa cha gauni la Koleta, niende.

Kipande cha kwanza niliugua katikati. Cha pili ikachukuliwa kodi. Cha tatu nilipata kitambaa, nikaona bora niongeze na blanketi la Mjomba. Mnaelewa inavyokwenda. Kila mwezi nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Kutoka mkonge mpaka Mkuyuni ilikuwa mwendo wa siku moja tu na kitu.

Mwaka wa pili ikafika barua ya Pius, imeletwa na dereva wa lori. Niliisoma mwenyewe kwa darasa langu la pili, kidole kwenye kila neno. Wako wazima. Yeye anaendelea na shule ya misheni. Mwishoni aliandika: "Koleta anauliza ni mavuno ya mwaka gani."

Sikujibu. Mwandiko wangu ulikuwa wa kitoto na nilimwonea haya mdogo wangu. Ndivyo haya ilivyonifanya, wakuu. Iliniponza kwa vitu vikubwa, na ikaniponza hata kwa herufi.

Nilikwenda Mkuyuni baada ya miaka sita.

Nilikwenda na kitambaa, blanketi, sukari, na mwavuli mpya. Nilivaa viatu. Mjomba Kasmiri alinipokea vizuri, hakuniuliza neno. Pius alikuwa ameshapata kazi ya ukarani mjini. Nikauliza Koleta yuko wapi.

Mke wa Mjomba akasema, "Yuko ndani."

Mnaotoka kwetu mnaelewa. Binti akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani, anaitwa mwali. Anakaa miezi, wengine zaidi ya mwaka, anafundwa na wanawake. Haonwi na mwanamume. Hasemi na mwanamume. Kaka wala mjomba, hakuna.

Nikasimama ukutani, upande wa nje. Ukuta wa udongo, unene wa kiganja. Nikamsikia anakohoa.

"Koleta, ni mimi, Deo."

Mke wa Mjomba akanivuta shati. "Wewe, umesahau mila mkongeni? Mwali hajibu mwanamume. Sema na mimi, nitamfikishia."

"Lakini anasikia, mkaza mjomba."

"Kusikia anasikia. Kujibu hajibu. Haya sema, unachelewesha mboga zangu."

Nikasema, "Mwambie nimekuja."

Akaingia. Nikasikia minong'ono. Akatoka.

"Anauliza ni nani amekuja."

"Mwambie kaka yake."

Akaingia tena. Safari hii alikaa zaidi, na alipotoka hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia chini.

"Sema tu, mkaza mjomba."

"Anasema kaka yake atakuja mavuno yakiisha."

Nikaomba aingie mara ya tatu. Akaingia na kile kitambaa. Akarudi mikono mitupu, nikapata tumaini kidogo.

"Anasema, mwambieni mgeni asante."

Nilikaa Mkuyuni siku mbili nje ya ukuta ule, kisha siku za kipande changu zikanirudisha. Alipotolewa nje kwa ngoma sikuwepo. Alipoolewa nilikuwepo, nikakaa na wageni wa mbali, kwa sababu nafasi ya kaka mkubwa ilikuwa imeshajazwa na Pius.

Hakuwahi kunitukana. Tangu siku zile mpaka uzee huu hajawahi kuniinulia sauti. Nikifika kwake anasema "Shikamoo, kaka", analeta kiti, anapangusa, ananipakulia mimi wa kwanza. Watoto wake wakiwa nje wamekaa kwenye mkeka na mama yao wanacheka, mimi niko kwenye kiti.

Kwa mila yetu, wanawe ni wangu. Mimi ndiye mjomba wao mkubwa. Mwana akizaliwa, akiumwa, akiposwa, ni mimi wa kuitwa. Badala yangu aliitwa Pius. Pius alipofariki, hakuitwa tena mtu. Wakaamua wenyewe.

Lile shamba la juu ya Bigwa, siwezi kuwaambia likoje. Sijapanda tena kule.

Mnaotaka funzo, ninalo moja, na nimelilipia. Ukimwambia mtoto utakuja, nenda. Usingoje uwe na kitu mkononi. Koleta hakuwahi kunitajia gauni, mimi ndiye niliyelibuni gauni ili nisiende. Ningefika na kikapu na nusu, ningelala sakafuni kwa Mjomba, ningesimangwa, na ningekuwa kaka yake.

Na wenye kuandikia watoto habari za kweli, nawaomba: mtu akipanda mti kwenye kitabu chenu, andikeni na ardhi ilikuwa ya nani. Mtoto anasoma ili akafanye.

Komenti ziko wazi. Walimu na wazazi, niambieni kama mngempa mtoto wa miaka kumi asome haya kama yalivyo. Aliyewahi kuwaacha wadogo zake akarudi wakampokea, aeleze alisema nini mlangoni. Nitasomewa yote. Matusi pia nitasomewa, mjukuu asifiche.

Mimi naishi upande wa Mzumbe, Koleta yuko Mkuyuni, mzima, ananizidi meno kidogo. Nimepeleka mabati ya nyumba yake. Nimepeleka magodoro, dawa, mbuzi wa harusi za wajukuu. Anapokea kwa mikono miwili na anashukuru kila kitu kwa jina lake.

Bado nadaiwa. Mwezi uliopita nilikwenda tena, akaniletea kiti.